Mbuzi wa Maziwa na Daftari Lake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tulipopeleka jina la hotuba hii mbele ya Halmashauri, mjumbe mmoja alicheka, akauliza kama chama cha makarani kimegeuka kuwa chama cha wachungaji. Hatukumlaumu. Katika nchi yetu mbuzi ajulikana kwa mahari, kwa kafara na kwa mchuzi, na mtu asemaye kuwa watoto wake hunywa maziwa ya mbuzi hutazamwa kwa huruma, kana kwamba amekosa fedha ya maziwa ya ng'ombe. Hata hivyo twaomba mtuvumilie kwa muda wa nusu saa, maana habari tunayoileta, ijapokuwa ina kwato na ndevu, ni habari ya kazi yetu wenyewe. Mbuzi wa maziwa wa siku hizi, yule akamuliwaye ratili nane kwa siku na pengine zaidi, ametokana na majani mema na damu njema, ni kweli. Lakini wanaomfuga watawaambieni ya kuwa ametokana pia na daftari, na daftari ni chombo chetu sisi.

Asili ya wengi wa mbuzi hawa ni mabonde ya milima ya Uswisi. Wako Saanen, weupe, wakubwa na wapole, watokao katika bonde la mto Saane. Wako Toggenburg, wa rangi ya kahawia, wenye mistari miwili myeupe usoni, watokao upande wa mashariki wa nchi ile. Wa tatu ajulikanaye sana ni Anglo-Nubian, mwenye masikio marefu yaliyolala na pua iliyotuna. Huyu alifanyizwa Uingereza katika karne ya 19, kwa kuchanganya mbuzi wa kule na mabeberu waliofika kwa meli kutoka Bara Hindi na nchi za Mashariki. Meli za siku zile hazikuwa na mahali pa kuhifadhia maziwa pasipo kuharibika, basi zilichukua mbuzi walio hai, wakakamuliwa njiani, na safari ilipokwisha waliuzwa bandarini. Maziwa yake ni machache kuliko ya Saanen, lakini mafuta yake ni mengi zaidi.

Wakulima wa Uswisi waliwajua mbuzi wao kwa macho na kwa majina, kama wazee wetu walivyowajua ng'ombe wao. Jambo geni lilianza Uingereza mwaka 1879, ilipoundwa British Goat Society, na huko Marekani mwaka 1904, ilipoundwa American Milk Goat Record Association, ambayo tangu mwaka 1964 yaitwa American Dairy Goat Association. Tafadhali liangalieni lile jina la kwanza. Hawakujiita chama cha wenye mbuzi wala cha wauza maziwa. Walijiita chama cha kumbukumbu. Kila mwana-mbuzi aliyezaliwa aliandikwa jina lake, siku yake, baba yake, mama yake na alama zake. Na ili asije mtu akabadili mbuzi mmoja kwa mwingine, mbuzi hupigwa chapa ya herufi na tarakimu ndani ya sikio kwa sindano na wino. Liko kabila moja liitwalo LaMancha, lililokuzwa Oregon na Bibi Eula Fay Frey na kukubaliwa katika daftari mwaka 1958, ambalo masikio yake ni madogo mno hata wageni hudhani yamekatwa. Hawa chapa yao hutiwa chini ya mkia. Karani mwema hakosi mahali pa kupigia mhuri.

Sasa twapenda kuwasimulia maisha ya mtu mmoja.

Bibi Lilian Sandburg alizaliwa mwaka 1883 katika jimbo la Michigan, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Luxembourg. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Chicago, akawa mwalimu wa shule. Mwaka 1908 aliolewa na Carl Sandburg, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa mashairi yake na kwa vitabu vyake vya maisha ya Rais Abraham Lincoln. Kaka yake, Edward Steichen, alikuwa mpiga picha mashuhuri duniani. Basi mwanamke huyu aliishi katikati ya watu wenye majina makubwa, na ingekuwa rahisi kwake kukaa kivulini mwao hata mwisho.

Hata mwaka 1935 hakuwa mfugaji. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 50, na binti zake watatu walikuwa wamekua. Yasimuliwa kuwa binti mmoja alitamani ng'ombe wa nyumbani, ndipo wakakata shauri kuchukua mbuzi, kwa kuwa mbuzi ni mwepesi kumchukua na kumtunza. Walikaa wakati ule Harbert, karibu na Ziwa Michigan, katika mtaa uitwao Chikaming, naye akaliita kundi lake kwa jina hilo. Wengine wangalitosheka na maziwa ya chai. Bibi huyu alisoma elimu ya urithi wa wanyama, akapima maziwa, akaandika, na kila beberu aliyempeleka kwa jike alikuwa na sababu yake iliyoandikwa. Alifuga makabila matatu: Toggenburg, Saanen na Nubian.

Majira ya baridi ya Michigan ni makali, theluji hukaa miezi, na mbuzi wakaongezeka. Basi mwaka 1945 jamaa nzima walihamia Flat Rock, katika North Carolina, mahali paitwapo Connemara, penye eka zaidi ya 240 za majani na miti na hewa iliyo nzuri zaidi. Bwana Sandburg naye akahama na vitabu vyake, ambavyo vilikuwa maelfu. Twawauliza mabwana mlioketi hapa: ni wangapi miongoni mwetu watakaofunga vitabu vyao katika masanduku kwa ajili ya mbuzi wa bibi?

Kule Connemara kundi lilifika mbuzi 200 hivi, na maziwa yaliuzwa kwa watu wa jirani. Mwaka 1960 mmoja wa Toggenburg wake, jina lake Jennifer II, alishika nafasi ya kwanza duniani kwa wingi wa maziwa katika kabila lake. Hesabuni wenyewe: toka 1935 hata 1960 ni miaka 25, ambayo ni sawa na utumishi wa karani mmoja toka siku anayoajiriwa hata kukaribia pensheni. Mbuzi jike huchukua mimba siku 150 hivi, na mwenye afya aweza kuzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa mwaka mmoja au kupita kidogo. Basi katika miaka ile 25 mfugaji aweza kuona vizazi kumi na zaidi, mama baada ya binti. Hapana kichwa cha mwanadamu kinachoweza kushika maziwa ya vizazi kumi pasipo kuandika.

Bwana Sandburg alifariki mwaka 1967. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilipafanya mahali pale kuwa hifadhi ya kumbukumbu ya taifa. Bibi mwenyewe alifariki mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 93. Wageni waendao Connemara leo ili kuona meza ya mshairi huonyeshwa pia zizi, na mbuzi wa makabila yale yale matatu wangali wakikamuliwa humo.

Tuingie sasa katika uwanja wa maonyesho, kwa kuwa ndiko sifa ya mfugaji inakojaribiwa mbele ya watu. Kwa desturi ya chama kile cha Marekani, mbuzi aliyekwisha kuzaa hupimwa kwa alama 100, nazo zimegawanywa hivi: umbo kwa jumla 35, nguvu za kimaziwa 20, nafasi ya mwili 10, na kiwele 35. Mtamba ambaye hajazaa hana kiwele cha kuhukumiwa, kwa hiyo alama zake ni 55, 30 na 15. Na beberu vivyo hivyo.

Mtu aweza kuuliza, miguu yahusu nini na maziwa? Yahusu sana. Mbuzi mwenye vifundo vilivyolala, au miguu ya nyuma inayogusana, hawezi kubeba kiwele kizito miaka minane. Ataanza kuchechemea mwaka wa nne, atakula kidogo, na maziwa yatapungua kabla hujarudisha gharama yako. Mgongo ulionyoka, kifua kipana chenye nafasi ya moyo na mapafu, nyonga pana isiyoteremka mno, hayo yote ni habari ya kudumu kazini. Nguvu za kimaziwa ni jambo gumu zaidi kulifahamu kwa macho. Mwamuzi hutafuta mbavu bapa zilizoachana, ngozi nyembamba, shingo ndefu, bega lisilo na mafuta, maana chakula cha mbuzi wa maziwa yapasa kiende katika ndoo. Mbuzi mnene uwanjani ni kama karani mwenye wino vidole vyote na karatasi tupu.

Kiwele ndicho chenye mambo mengi. Yafaa kishikamane na mwili kwa nguvu, juu na kwa upana upande wa nyuma, na mbele kiendelee taratibu kuungana na tumbo. Katikati yake uko mshipa mkubwa ukigawanyao sehemu mbili na kukiinua. Mshipa ule ukilegea kiwele chote chashuka. Kiwele kilichoshuka chini ya viungo vya miguu ya nyuma hukwaruzwa na miiba, hupigwa na miguu anapotembea, hushikwa na ugonjwa. Chuchu ziwe mbili tu, za ukubwa wa kuenea mkononi, zielekee chini. Kisha mwamuzi hukishika. Kiwele chema ni laini, na baada ya kukamuliwa husinyaa kama mfuko uliomwagwa. Lakini kile kibakiacho kikubwa baada ya kukamuliwa kina nyama nyingi, na nyama haimwagiki katika ndoo. Watu wengi sokoni hudanganyika hapa. Humwona mbuzi mwenye kiwele kikubwa wakafungua mikoba pasipo hata kuomba akamuliwe mbele yao.

Wenye mbuzi huingia uwanjani wamevaa nguo nyeupe, kila mmoja amemshika mbuzi wake kwa mnyororo wa shingoni, wakamzunguka mwamuzi polepole. Mwamuzi huwatazama kwanza kwa mbali, wakienda, maana mnyama asimamishwapo aweza kufichwa aibu ya miguu. Kisha humkaribia kila mmoja, humshika mgongo, mbavu, ngozi na kiwele. Ndipo huwapanga: wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata wa mwisho. Hata hapo kazi yake haijakwisha, na jambo hili ndilo lililotufanya tuandike hotuba hii.

Akiisha kuwapanga, mwamuzi husimama mbele ya watu wote akatoa sababu zake kwa sauti. Husema kuwa amemweka huyu mbele ya yule kwa sababu kiwele chake kimeshikamana juu zaidi kwa nyuma, na mgongo wake umenyoka zaidi. Akakiri kuwa yule wa pili ana miguu mizuri kuliko wa kwanza, lakini jambo hilo halikutosha kuipita tofauti ya kiwele. Huendelea hivyo, wa pili juu ya wa tatu, wa tatu juu ya wa nne. Mwenye mbuzi aliyeshindwa husikia ni kwa nini ameshindwa, na jirani zake husikia, na mtoto aliyesimama nje ya kamba husikia pia. Mwamuzi aliyependelea atajulikana, maana macho ya watu mia yanamtazama mbuzi yule yule ambaye maneno yamhusu. Wala mtu hawi mwamuzi kwa kupenda tu: hufundishwa, hutahiniwa, hupewa cheti. Na mbuzi hapewi jina la bingwa wa daima kwa ushindi wa siku moja. Lazima ashinde mara tatu, mbele ya waamuzi zaidi ya mmoja.

Wazee wetu katika utumishi wanakumbuka desturi ya ripoti za siri. Mtu alifanya kazi miaka kumi, akaandikiwa habari zake katika karatasi asiyoiona, na mwenzake akapandishwa cheo, naye hakuambiwa lolote ila kwamba jambo lake limefikiriwa. Hatusemi kwamba walioandika walikuwa waongo. Twasema tu kwamba mbuzi wa Toggenburg alipewa heshima ambayo karani hakupewa, yaani kuhukumiwa kwa sababu zilizotajwa waziwazi. Wenzetu ambao leo wamekuwa wakubwa wa sehemu, wenye vijana chini yao, na waliangalie jambo hili wakati wa kujaza karatasi za mwaka.

Hata hivyo tusiwasifu mno waamuzi. Mwamuzi humwona mbuzi kwa robo saa. Mizani humwona siku 305, ambazo ndizo hesabu ya kawaida ya kipindi cha kukamua. Kwa hiyo wafugaji wa kweli hupima maziwa mwaka mzima, na mtu wa kuthibitisha huja kila mwezi, akapima maziwa ya siku ile na kuchukua kidogo kwa kuangalia mafuta. Mbuzi mwenye utepe na asiye na hesabu ya maziwa ni picha ya ukutani. Kama tungelazimishwa kuchagua kimoja, sisi twachagua mizani.

Kupenda uzuri kumeleta hasara nyingine ambayo yafaa mwijue, kwa maana ni somo la kweli katika urithi. Wafugaji wengi walipenda mbuzi wasio na pembe, kwa kuwa hawaumizani wala hawang'oi ua. Basi wakawa wakimpandisha beberu asiye na pembe kwa jike asiye na pembe, kizazi baada ya kizazi. Wakaona wanazaliwa huntha wengi, wasiozaa wala kukamuliwa. Mwaka 1944 mtaalamu Asdell aliandika kuwa yaelekea ukosefu wa pembe na uhuntha hufuatana katika damu, na mwaka 2001 wataalamu wa Ufaransa walipata sehemu yenyewe iliyopungua katika urithi wa mbuzi. Jike arithiye ukosefu wa pembe toka kwa baba na mama pia hugeuka huntha. Dawa yake ni nyepesi: mmoja wa wale wawili na awe mwenye asili ya pembe. Lakini mfugaji atajuaje, ikiwa mbuzi walichomwa pembe utotoni, wote wakaonekana sawa? Hujua kwa kufungua daftari.

Hali kadhalika ugonjwa wa viungo uitwao CAE, ambao wafugaji wa nchi za Ulaya na Marekani waliuona sana toka miaka ya 1970: magoti yakivimba, kiwele kikiwa kigumu. Ilipojulikana kuwa mtoto huupata hasa kwa dang'a na maziwa ya mama mgonjwa, wafugaji waliwatenga watoto tangu kuzaliwa, wakawanywesha dang'a iliyopashwa joto la digrii 56 kwa muda wa saa 1. Joto likizidi sana dang'a huganda na kuharibika; likipungua ugonjwa hubaki. Kazi hiyo hufanyika usiku wa manane, maana mbuzi hachagui saa za afisi kwa kuzaa.

Na hapa kwetu? Nchini Kenya, tangu miaka ya 1990, wakulima wa Meru wamefuga Toggenburg, na wale wa Nyeri na sehemu nyingine wamefuga Alpine wa Kijerumani, nao wana chama chao, Dairy Goat Association of Kenya. Hapa Tanzania hatuna haja ya kwenda mbali: katika milima ya Uluguru, kule Mgeta, mbuzi wa Norway waliletwa katika miaka ya 1980 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mahali pengi beberu mgeni hupandishwa kwa mbuzi wa kienyeji: mtoto wa kwanza ana nusu ya damu ngeni, binti yake akirudishwa kwa beberu halisi mwingine huzaa mwenye robo tatu, na kadhalika.

Hatari iko katika neno hilo, "beberu mwingine". Mwana-mbuzi jike aweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka. Beberu akikaa kijijini miaka miwili amekwisha kukutana na binti zake, na asipohamishwa atazaa nao, na faida yote itaanza kupotea: watoto wadogo, wanyonge, wenye kufa upesi. Kumhamisha beberu ni rahisi. Kujua ni nani binti yake, katika kijiji cha nyumba 60, hapana ajuaye ila aliyeandika. Mwenzetu mmoja alinunua jike kwa bei kubwa kwa sababu ya ile mistari myeupe usoni. Mistari ilikuwa ya kweli. Maziwa yalikuwa kikombe kimoja. Aliyemwuzia hakuwa na karatasi hata moja, naye mwenzetu, ambaye afisini hapokei hata hundi ya shilingi chache pasipo sahihi mbili, hakuuliza.

Basi ombi letu kwa chama ni hili. Miongoni mwetu wako wenye mbuzi wawili watatu nyuma ya nyumba, na wengi zaidi wana mbuzi kwa wazee wao nyumbani. Katika kila kijiji tunakotoka hapana mtu afaaye kushika daftari la mabeberu kama karani aliyepewa likizo, au mstaafu ambaye mkono wake ungali na nguvu. Karatasi tuliyoitengeneza ina safu tano tu: tarehe, maziwa ya asubuhi, maziwa ya jioni, siku ya kupandishwa na jina la beberu, na habari nyinginezo. Asiye na mizani na atumie chupa moja ile ile kila siku, aandike chupa ngapi. Asiyeweza kupima kila siku na apime siku moja katika mwezi, tarehe ile ile, asubuhi na jioni. Karatasi zimekwisha kuchapwa, ziko kwa Bwana Katibu, na zile zilizojazwa zitapokelewa katika mkutano wa mwezi ujao.